Pedali Nyuma

Ijumaa, saa tatu,
kwa Bi Mize, sisi watu
kumi na sita; viatu
ni kilima mlangoni.

Filamu mpya kabisa,
ya mapenzi na mikasa.
Bi Mize akatuasa:
"Akohoaye, uani!"

Zuwena, fundi wa simu,
mtoto mwenye nidhamu,
ila wa moyo mgumu
kwa wachumba wa mjini.

Baskeli ya babuye
ina kutu kama yeye;
breki, Mungu ajuaye,
mnyororo mashakani.

Kapiga pedali nyuma
mara moja, duru nzima;
dunia ikamhama
pale njia ya Limbani.

Lami yote ikatoka,
nyaya zote zikang'oka,
ikawa ile miaka
ya hamsini na nini.

Kijana akamgonga,
Shaame, bwana wa kuringa,
siku hiyo akipanga
karafuu maguniani.

Gunia likapasuka,
karafuu zikaruka;
mwenye mali, si kufoka,
akamwokota vumbini.

Kamwonesha simu yake;
akaona uso wake,
akauliza mwenzake:
"Kioo hiki cha nini?"

"Lo, sipati mtandao!"
"Buibui wana wao,"
kamjibu, "tena huo
u tele kule darini."

Hapo tukacheka sote,
bisi zikamwagwa zote,
vicheko vyavuma Wete
hadi kule bandarini.

Penzi likaanza hapo:
mkate wa mofa upo,
barua zenye kiapo
zikipita dirishani.

Mara Bi Mize kaguna:
"Mbona hili, hili jina,
la babu yake Zuwena
si ndilo? Ama ni nani?"

Chumba kikazizimia,
tukaanza kumwombea:
"Ya Rabbi, hili balaa
lisimkute, jamani!"

Kai akasema, "Sura!
Babuye ana kipara,
huyu nywele zimefura!
Zimekwenda wapi? Lini?"

"Miaka," bibi kateta,
"ni wembe, hukatakata;
mume, nilipompata,
nywele hadi mabegani!"

Shaame akasogea,
baskeli kashikia,
akamwambia: "Sikia,
kuna siri ya moyoni.

Jina langu la halali
si hilo. Mimi, kwa kweli,
nami nimetoka mbali,
kutoka mwaka—" Gizani.

Umeme umekatika!
Kilio kilichozuka
hakijapata sikika
hata kule matangani.

Asubuhi nauliza:
kote kulikuwa giza,
kila mtu amaliza
kwa mwisho wake kichwani.

Mwenye duka la mikate
asema wavaa pete;
Raya: "Wamerudi wote!"
Kai: "Wako safarini."

Bi Mize yeye asema
wamepewa nyumba nzima
"na umeme usozima,
na hiyo ndiyo peponi."

Kwa siri, pasipo mtu,
baskeli yenye kutu,
iliyo ya baba yetu,
naisukuma njiani.

Sitaki mingi miaka,
Jumanne naitaka:
Khatibu alipocheka
nikatazama pembeni.

Pedali nyuma nakita;
mnyororo ukasita,
pindo langu ukavuta,
nikabwagwa mchangani.

"Umetoka mnyororo,"
asema mtu. Godoro
la sufi, bila kasoro,
analo juu kichwani.

Khatibu akalitua,
mikono akachafua
kwa grisi, akakohoa
(hatukuwa sebuleni).

"Ulikwenda, basi, wapi?"
"Jumanne." "Njia ipi?"
Kacheka, meno mafupi:
"Leo nayo ina nini?"

Umeme ulirejea,
filamu watarudia;
Bi Mize kaniambia
nije nikae mbeleni.

Nikajibu: "Tutakuja,
nina mgeni mmoja;
na kikohozi kikija,
sote wawili: uani!"